Upendeleo kwa kampuni za mjini: nilichokiona kwenye kamati za tathmini

Mkuu, umeuliza kama serikali ya jiji inapaswa kuzipa kampuni za mjini kwake kipaumbele kwenye zabuni, hata bei zao zikiwa juu kidogo. Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati za tathmini, na jibu langu ni hili: zisaidiwe, ila upendeleo wa asilimia kwenye bei ndiyo njia dhaifu kuliko zote.

Tuelewane kwanza unavyofanya kazi. Tuseme kampuni ya nje (mgeni) imeandika bei ya 100, ya mjini (mwenyeji) 104, na kanuni inatoa upendeleo wa asilimia 5. Wakati wa tathmini bei ya mwenyeji inahesabiwa kuwa 98.8, anashinda. Mkataba lakini unasainiwa kwa 104. Hizo 4 za juu anazibeba mlipa kodi. Mimi sioni ubaya, mradi zitangazwe, na sijawahi kuona zikitangazwa.

Watetezi husema pesa itabaki mjini. Inategemea unanunua nini. Kwenye usafi, ulinzi au kuzibua mitaro, sehemu kubwa ya pesa ni mishahara ya watu wanaoishi hapohapo. Kwenye kompyuta, mwenyeji anabaki na faida yake nyembamba na nyingine yote inakwenda kwa mtengenezaji aliye mbali. Hapo jiji limempendelea dalali.

Halafu mwenyeji ni nani? Kanuni yetu ilidai anwani tu. Basi kila zabuni kubwa ilipokaribia, ofisi mpya zilichipuka. Moja tulikwenda kuikagua tukakuta chumba kimefungwa, kibao kipya mlangoni, na jirani hajui kapanga nani. Mafundi, mitambo na vitabu vya hesabu, vyote vilikuwa mji mwingine. Kampuni ya mfukoni kabisa, na kwenye makaratasi ilikuwa na haki zote za mwenyeji!

Wakati huohuo fundi wa kweli wa mjini, mwenye vijana kumi na gari moja, hafiki hata kwenye hatua ya kulinganisha bei. Anaangukia kwenye dhamana ya zabuni, yaani pesa au hati ya benki inayowekwa rehani ili kuomba kazi, au kwenye kigezo cha mauzo ya mwaka kilichoandikwa kwa kampuni kubwa. Akipenya na kupata kazi, anamaliza, anawasilisha madai, anasubiri. Benki haimsubiri. Nimeona wakandarasi wazuri wakiacha kabisa kuomba kazi za jiji kwa sababu ya malipo kuchelewa, na hakuna asilimia ya upendeleo inayotibu hilo.

Ndiyo maana navutiwa na Preston, Uingereza. Kuanzia 2013 halmashauri ya mji huo na taasisi nyingine kubwa za eneo hilo zilikaa kuangalia pesa zao za manunuzi zinaishia wapi. Zilizokuwa zikitumika mjini Preston zilikuwa asilimia 5 tu. Kufikia 2017 zilipita 18. Sheria za Umoja wa Ulaya, zilizokuwa zinawabana wakati huo, hazikuruhusu kumpa mtu alama kwa sababu ya anwani. Moja ya walichofanya ni kuvunja zabuni kubwa: ile ya chakula cha shule, ya halmashauri ya kaunti, iligawanywa vipande (loti), maziwa peke yake, mayai peke yake, na wazalishaji wa pale wakaweza kuomba kile wanachokimudu.

Kuna pia suala la kulipiziana, ambalo wengi hulisahau. Marekani majimbo mengi yana sheria ya kulipiza kwa kiwango kilekile: kwenu mkipendelea asilimia 5, kampuni yenu ikija kuomba kazi kwetu, bei yake inaongezewa asilimia 5 wakati wa tathmini. Kampuni ndogo haitaumia kwa sababu haivuki mpaka. Inayoumia ni ile ya mjini iliyokua, ambayo ndiyo mlitaka ikue.

Kwa hiyo kama jiji lenu linaandika kanuni sasa hivi, msipoteze nguvu kubishana kama iwe 5 au 10. Daini zabuni zigawanywe, na anayekataa kugawa aandike sababu. Dhamana iondolewe kwenye kazi ndogo. Malipo yawe na tarehe ya mwisho, na riba jiji likichelewa. Na kama lazima asilimia iwepo, iwekewe kikomo cha thamani, uenyeji upimwe kwa orodha ya mishahara na kodi ya miaka iliyopita, na tofauti ya bei iandikwe kwenye tangazo la mshindi.