Kipimo cha damu cha SOD na katalesi kwa mgonjwa wa glioblastoma

Pole sana dada kwa kuuguliwa na baba. Umeuliza kama mlipie kipimo cha damu cha SOD na katalesi ili mjue glioblastoma yake, yaani saratani kali ya ubongo, itaendaje. Ushauri wangu: msilipe.

SOD (superoxide dismutase) na katalesi ni vimeng'enya vinavyoondoa sumu za oksijeni ndani ya seli. Seli za uvimbe zikiwa navyo kwa wingi, hasa SOD2, aina ya SOD iliyo kwenye mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati), zinaweza kustahimili mionzi, ndiyo maana watafiti wanavifuatilia. Lakini hiyo ni habari ya tishu ya uvimbe, si ya damu. Chembe nyekundu za damu zenyewe zimejaa SOD1, aina nyingine ya SOD, na katalesi. Zikipasuka kidogo tu wakati wa kutoa damu, majibu hupanda bila uvimbe kuhusika. Tena hakuna kiwango kilichokubaliwa cha kutofautisha nafuu na hatari.

Fedha hiyo ielekezeni kwenye kipande cha uvimbe kilichotolewa kwa upasuaji. Ombeni maabara ya patholojia bloku ya nta (kipande hicho kilichohifadhiwa ndani ya nta), si slaidi pekee, kisha kipimwe mabadiliko ya jeni za IDH, zinazosaidia kutambua aina ya uvimbe, na metilesheni ya MGMT, yaani alama ya kikemikali inayozima jeni ya kurekebisha DNA. Kipimo cha rangi cha IDH1 R132H (badiliko la kawaida zaidi la IDH) kikitoka hasi na mgonjwa ana umri chini ya miaka 55, jeni za IDH1 na IDH2 zisomwe, kwa sababu rangi ile hukamata badiliko moja tu. MGMT ikiwa na metilesheni, dawa ya kemotherapi iitwayo temozolomide ina nafasi kubwa zaidi ya kumsaidia.

Na tafadhali, asimeze vidonge vya antioksidanti wakati wa mionzi kabla ya kumwuliza daktari wake. Vinaweza kuzikinga seli za uvimbe pia.