Rangi zimepotea kwenye teminali

Swali: Habari, niko Gulu, kwa laptop yangu rangi ziko poa lakini nikiingia seva ya kazini na kufungua tmux (programu ya kugawa teminali), Vim (kihariri cha maandishi) inabaki na rangi chache tena mbaya, nifanyeje?

Jibu: Pole ndugu, hiyo inachosha macho kweli. Ukiwa ndani ya tmux andika tput colors, amri ya kuonyesha idadi ya rangi, ukiona 8 badala ya 256 basi programu zimeambiwa teminali yako ni ya rangi 8 na zinatii tu. Ndani ya tmux, kwenye faili lake la mipangilio, .tmux.conf, weka set -g default-terminal "tmux-256color", hifadhi kazi zako kwanza jamani, halafu andika tmux kill-server (inafunga tmux yote) ufungue upya. Seva ya zamani isiyojua jina hilo, tumia screen-256color. Ila usilazimishe TERM (jina linaloziambia programu aina ya teminali) kwenye .bashrc, faili la mipangilio ya shell, wengi wanashauri hivyo na mimi sikubali kabisa, inaharibu kwingine.