Winga wangu anakata moto, nimpimeje?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi ni kocha wa timu ya mtaa, nina winga ana mbio balaa ila akishachomoka mara tatu nne mfululizo anashika kiuno, mashabiki wanasema hana pumzi nimuweke benchi. Niliwakimbiza wote mita 100 akawa wa kwanza, sasa nishike lipi? Vifaa nilivyonavyo ni koni na simu tu. Kocha, Morogoro.

JIBU: Kocha wangu, mita 100 haiwezi kukujibu hilo maana kwenye mechi mtu hakimbii mara moja akaenda kukaa, anachomoka, anahema kidogo, anachomoka tena. Mpime hivyohivyo. Weka koni mbili umbali wa mita 20, anaenda anageuka anarudi, mita 40 hizo, anapumzika sekunde 20 tu, anarudia mpaka zifike mara 6. Kwa vile anaanzia na kumalizia mstari uleule simu moja inatosha, iweke pembeni usawa wa mstari isitikisike urekodi, muda utauchukua kwenye video ukiwa umetulia, kidole kwenye stopwochi kinaweza kukukosesha hata sekunde 0.2 na tofauti unayoitafuta ndo ndogo hivyohivyo.

Angalia sana kujibania, wachezaji wakijua kuna mbio 6 wanaanza polepole halafu wanaonekana hawachoki kabisa. Wakishapasha vizuri kila mmoja akimbie moja ya nguvu zote, apumzike dakika 5, ndo aanze kipimo. Kama ile moja alitumia sekunde 7.0 halafu ya kwanza ya kipimo imezidi 7.2, simamisha, apumzike dakika 5 aanze upya.

Hesabu sasa. Tuseme winga wako mbio yake bora ni 7.0 na zote 6 jumla ni 44.1. Bila kuchoka angepata 7.0 mara 6, yaani 42.0, kwahiyo ameshuka asilimia 5. Mwenzake bora yake ni 7.4, jumla 45.3, ameshuka asilimia 2 tu. Hapa makocha wengi wanakosea, wanamchukua wa asilimia 2! Gawa jumla kwa 6 uone, winga wastani wake ni 7.35, mwenzake 7.55, yaani hata akiwa amechoka bado anampita. Mwenye kasi kubwa kushuka zaidi ni kawaida, anatumia nishati nyingi ya haraka misulini, ile fosfokreatini, na sekunde 20 hazitoshi kuirudisha yote. Mi ningeamini wastani kwanza, asilimia iwe ya kukusaidia tu.

Kwahiyo usimuweke benchi kwa kushika kiuno. Mpime, mpe wiki 6 za mazoezi ya michomoko ya kurudiarudia pamoja na ya pumzi, halafu rudia uwanja uleule, viatu vilevile, saa ileile, na isiwe siku ya pili baada ya mechi. Ukipata namba zake tutumie kaka, tuziangalie pamoja.