Dar hadi Mbeya kwa gari dogo: anza kupanga kutokea Kitonga

Wengi wakipanga safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya huchukua kilomita 830 na ushee, wakagawanya kwa 100, wakapata saa 8. Hesabu hiyo huharibika kabla hata ya Chalinze. Hii ndiyo njia ya malori ya Zambia na Kongo, na vijiji vyake vina vibao vya 50, matuta na askari wenye tochi za kupima mwendo. Anayefuata sheria atapata wastani wa kilomita 55 hadi 60 kwa saa, vituo havijahesabiwa. Igawe iwe ya siku mbili, ulale Iringa.

Ratiba ya siku ya kwanza isianzie Dar, ianzie mlima Kitonga, ulio kabla ya Iringa, kurudi nyuma. Mlima huo, wenye kona kali na malori yanayotambaa, upandwe kukiwa na mwanga wa kutosha: uwe umefika chini yake saa 9 alasiri, ikizidi sana saa 10. Ili hilo liwezekane, toka Dar saa 11 alfajiri kabla foleni ya Kimara na Kibaha haijakaza. Morogoro (kilomita 190 hivi) utanywa chai saa 3 asubuhi, Mikumi mjini utakula saa 6 mchana. Muda utakaobaki kabla ya giza usiupangie kitu. Huo ni wa pancha, au wa lori lililolala njiani.

Gari likaguliwe wiki moja kabla, si jioni ya kuamkia safari, maana fundi akigusa kitu unahitaji siku chache za kuliendesha mjini uone kama kinavuja. Angalia kulanti (maji ya kupozea injini), mipira ya rejeta, feni, mafuta ya breki na pedi. Kwenye tairi usitazame kashata (meno yake) peke yake. Ubavuni kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba huweza kuwa na kashata nzuri huku mpira umeshazeeka, na hizo ndizo hupasuka kwenye lami ya moto. Upepo upimwe tairi zikiwa zimepoa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tairi ya akiba nayo ijazwe. Wengi hugundua haina upepo wakiwa tayari wamepiga jeki. Pembetatu mbili na kizimamoto viwe mahali pa kufikika, visizikwe chini ya mizigo.

Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakula lita 85 hivi hadi Mbeya. Jaza Dar, ongeza Morogoro, na usiondoke Mikumi mjini ukiwa chini ya nusu tenki, kwa sababu mlimani matumizi hupanda.

Barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Twiga, swala, pundamilia na hata tembo huonekana bila kuingia getini. Fuata vibao vya mwendo hata kama nyuma yako basi linapiga honi, usishuke garini, na usiwatupie nyani chakula: huzoea kusubiri barabarani na wanagongwa.

Ukishapita mibuyu ya bonde la Ruaha, simama Ruaha Mbuyuni, uiache injini ipumue kabla ya kupanda. Vitunguu vya pale ni vizuri sana, lakini vinunue wakati wa kurudi, uzito wake usiupandishe mlima.

Pale Kitonga, kinachoharibu magari ni haraka. Zima kiyoyozi, weka gia ya 2 (au L kwa gari la otomatiki), acha nafasi ya kutosha nyuma ya lori kwani linaweza kurudi nyuma, na usipite penye mstari usiokatika hata dereva wa lori akikuwashia indiketa ya kukuruhusu. Yeye haoni kila kitu, na anayekuja mbele hajakubaliana naye. Mshale wa joto ukipanda, egesha penye upana, acha injini iungurume taratibu na uwashe hita ya ndani ili ivute joto. Mshale usiposhuka, zima injini. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka ipoe kabisa. Maji yale huruka na kuunguza uso. Wakati wa kurudi, shuka kwa gia ileile ndogo. Ukikanyaga breki mfululizo zitachemka, utasikia harufu ya kuungua, kisha pedali italegea.

Siku ya pili anza na Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa upande wa Mbeya: nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, na zana za mawe za kale zilizochimbuliwa mwaka 1957 na 1958. Nenda asubuhi, bondeni hakuna kivuli. Kutoka hapo Mafinga na Makambako hupitwa upesi, ila weka sweta karibu, na penye ukungu tumia taa za chini. Taa kali hurudishwa na ukungu machoni mwako.

Baada ya Makambako barabara inashuka Usangu, joto linarudi, na Igurusi utapata mchele. Uyole ndipo njia ya Tukuyu na Kyela inapoungana na hii, na malori hujazana jioni. Ukifika kabla ya saa 10 utaingia Mbeya mjini bila kusota.