Usirudishe toleo la zamani kabla hujajua majina ya picha zako yanakaa wapi

Mkuu, simama hapo hapo, usiondoe chochote. Umeandika kwamba tangu apdeti programu yako ya picha imekuwa nzito, folda hazifuati tena mpangilio uliouzoea, kitufe cha kuzungusha picha hukioni, na kesho fundi anakuja kung'oa toleo jipya akurudishie la zamani. Hizo za mwanzo ni kero, zinavumilika. Ya fundi ndiyo imenifanya niandike, kwa sababu nililifanya jambo hilo hilo na nilichopoteza hakijarudi.

Umesema picha za ukoo wenu umeziwekea majina na maelezo. Yamehifadhiwa wapi? Wengi tunadhani yamo ndani ya picha, na mara nyingi hayamo. Programu za kupanga picha huwa na daftari lao pembeni, yaani hifadhidata. Kwa digiKam ni faili liitwalo digikam4.db, kwa Lightroom Classic ni faili lenye mkia wa .lrcat. Toleo jipya huweza kulihamishia daftari hilo kwenye muundo mpya, na mara nyingi toleo la zamani muundo huo haliwezi kuusoma. Kwa hiyo ukirudi nyuma, programu inaweza kufunguka vizuri tu, nyepesi kama zamani, na tupu.

Zangu zilikuwa picha za bibi mzaa mama, nilizoziskani kutoka kwenye albamu yake. Nilikaa naye anataja, mimi naandika. Kuna moja ya wanaume wanne mbele ya nyumba, mmoja ameshika mwavuli. Bibi aliwataja wote, na hata yule wa tano ambaye pembeni kunaonekana bega tu: alisema ni shemeji yake, alikuja kutoka Pemba msimu wa karafuu akakataa kupigwa picha. Nikayaandika yote chini ya picha ile. Leo picha ninayo, safi kabisa, na bega lipo. Jina la mwenye bega silikumbuki, na bibi ametangulia mbele ya haki.

Fundi aliniambia, "Usiwe na wasiwasi, picha haziguswi." Kweli hazikuguswa! Programu ilipouliza kama data za mtumiaji zifutwe pia, akabonyeza ndiyo bila hata kugeuka kuniuliza, kisha akanyoosha mkono apewe hela yake. Mtu anayefuta kitu asichokijua kwenye mashine ya mwenzake simwiti fundi. Na waliotengeneza programu ile nao wana lawama yao. Dirisha lao liliandika "data" basi. Wangeandika "majina, maelezo na albamu zako zote", nani angekubali?

Atakayekuja hapa kuniambia ningefanya bakapu, bakapu nilikuwa nayo, ya folda ya picha. Daftari halikuwa kwenye folda ya picha. Kwenye Windows programu nyingi huficha vitu hivyo ndani ya AppData, folda ambayo kwa kawaida huioni mpaka uiambie kompyuta ionyeshe vilivyofichwa.

Mfano mzuri wa kinachokaa ndani ya picha na kinachokaa nje ni Picasa, programu ya kupanga picha ambayo Google waliacha kuihudumia Machi 2016. Maelezo uliyoandika chini ya picha ya JPEG yaliingia ndani ya faili lenyewe, ndiyo maana mpaka leo programu nyingine zinayasoma. Marekebisho yaliandikwa kwenye faili dogo la .picasa.ini ndani ya folda, na majina ya nyuso hayakuingia kwenye picha usipoagiza hivyo. Aliyehamisha picha akaliacha faili lile, aliyaacha hayo nyuma. Programu ni ile ile moja. Kilichoandikwa ndani ya picha kimeokoka.

Kwa hiyo usiku huu chukua picha moja yenye maelezo, inakili kwenye flashi, ifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine isiyo na programu yako. Weka IrfanView pale pamoja na plagini zake, ni programu ya kutazama picha, ya bure na ndogo, bonyeza herufi I kisha uangalie sehemu ya IPTC, yaani maelezo yaliyoandikwa ndani ya picha yenyewe. Ukiyaona maneno yako, umepona, mwache fundi aje. Usipoyaona, msimamishe. Rudi kwenye toleo jipya hilo hilo unalolichukia, ingia kwenye mipangilio ya metadata, yaani maelezo yanayoambatana na picha, kisha liamuru liandike kila kitu ndani ya mafaili. Kwenye digiKam chaguo hilo lipo, hata la nyuso. Kwenye Lightroom Classic unachagua picha zote kisha Ctrl+S. Picha zikiwa nyingi linachukua muda, liache limalize. Halafu rudia kipimo cha flashi, na kwa picha zaidi ya moja.

Uzito, sehemu yake huenda ni kwa sababu toleo jipya linatengeneza vijipicha upya na kutafuta nyuso; iache mashine kwenye umeme usiku kucha. Kwa kutazama tu tumia hiyo IrfanView, zinakaa pamoja bila kugombana. Mengine uliyouliza, ya kuchapisha na rangi ya dirisha, wadau watakusaidia.

Ukishafanya kipimo andika hapa umeona nini, kabla fundi hajagusa mashine.