Joho la Nyumbani Lisilobana Kwapani: Majibu kwa Wasomaji

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti, baridi ya Nyanda za Juu Kusini inapoingia hadi vyumbani, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii huwa zinahusu vazi moja: joho la nyumbani, lile refu lililo wazi mbele na kufungwa kwa mkanda, ambalo mtu hulivaa juu ya nguo ya kulalia anapowasha moto alfajiri au anapotoka kuoga. Safari hii nimechagua barua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu zaidi, kwa kuwa kosa linaloelezwa ndani yake nimelikuta katika majoho mengi yanayoletwa kwangu kurekebishwa.

SWALI: Shikamoo mama fundi. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Njombe mjini. Nilijishonea joho la flaneli kwa kufuata vipimo vya gauni langu, nikaongeza sentimeta 20 za upana ili nisibanwe. Hata hivyo, nikinyoosha mkono kuchukua sufuria juu ya kabati, joho lote linapanda na mkanda unahama kiunoni. Nikikaa kwenye kigoda kumnyonyesha mtoto, mbele panafunguka hadi mapajani. Tena baada ya kulifua mara mbili limefupika. Je, linarekebishika, au nilikate nguo za mtoto?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usilikate. Joho lako lina kasoro mbili zinazorekebishika kwa mchana mmoja wa kazi, na kasoro ya tatu ambayo ni ya kujifunza kwa ajili ya joho lijalo.

Tuanze na kwapa. Wengi wetu tukihisi nguo inabana hukimbilia kuongeza upana wa badani, yaani sehemu ya nguo inayofunika kiwiliwili, ilhali upana hauhusiani sana na mkono kupanda. Unaponyanyua mkono, kinachorefuka mwilini ni ule upande unaotoka kiunoni, kupita kwapani, hadi kwenye kiwiko. Ikiwa kitambaa cha upande huo hakitoshi, mkono unalivuta badani juu, na badani hata likiwa pana kama hema litapanda tu. Wengine hujaribu kulichimba duara la mkono lishuke zaidi, wakidhani wanaongeza nafasi, kumbe wanazidi kuufupisha upande uleule, na joho linapanda kuliko mwanzo. Ninakusihi usiguse mkasi hapo.

Dawa yake wanaijua mafundi wa kanzu tangu zamani, nayo ni kikwapa, yaani kipande kidogo cha pembe nne kinachowekwa chini ya mkono. Kwa joho lako, ambalo mikono yake ilishonwa peke yake kisha ikaunganishwa na badani, fumua mshono wa duara la mkono tu, kuanzia kwapani, sentimeta 8 kuelekea mbele na sentimeta 8 kuelekea nyuma. Mshono wa ubavuni na ule wa chini ya mkono uviache vilivyo, kwa sababu ndivyo vitakavyokuongoza. Kisha kata vipande viwili vya mraba, kimoja kwa kila mkono, kila upande ukiwa na sentimeta 10, ambapo sentimeta 1 kila upande ni ya mshono. Vikate kwa kufuata nyuzi za kitambaa, lakini uviweke kwa kona: kona moja ikutane na mwisho wa mshono wa ubavuni, kona inayoielekea ikutane na mshono wa chini ya mkono, na kona mbili zilizobaki ziingie pale ulipoishia kufumua, mbele na nyuma.

Ukikiweka hivyo utapata faida mbili. Ya kwanza ni kwamba upande wa kwapani unarefuka kwa takriban sentimeta 11, ambazo ni umbali wa kona hadi kona ya mraba wenye sentimeta 8. Ya pili, ambayo mimi naithamini zaidi, ni kwamba kitambaa kinakaa mshazari katika njia ya mkono, na kitambaa kilichokaa mshazari huvutika kidogo kisha kurudi, kwa hiyo mkono unapata uhuru bila nguo kuning'inia.

Kushona kona ndiko kunakowashinda wengi. Piga bandi kwanza kwa mkono, yaani mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, upande mmoja baada ya mwingine. Ukifika sentimeta 1 kabla ya ukingo, simamisha cherehani sindano ikiwa imezama ndani ya kitambaa, inua mguu wa cherehani, geuza kazi, shusha mguu, kisha endelea. Mwanzo na mwisho wa kila mshono rudia mishono mitatu, kwa sababu mahali hapo ndipo patakapovutwa kila siku. Ikiwa huna mabaki ya flaneli ileile, tumia kitenge chochote cha pamba, kwani kwapa halionekani.

Sasa mbele. Gauni hufungwa kwa zipu au kuvaliwa kwa kichwa, kwa hiyo vipimo vyake havina sehemu ya kupishana, nawe ulipolipasua katikati ulibaki na pande mbili zinazogusana tu. Zile sentimeta 20 ulizoongeza zimegawanyika mwili mzima, na mbele pamebaki na chache. Joho la kukalia linahitaji pande zake zipishane angalau sentimeta 25 usawa wa nyonga, kwa sababu mtu akikaa nyonga hutanuka na kitambaa cha mbele huvutwa pande zote mbili. Ongeza upapi wa kitenge kwenye kingo za mbele, ukianza kwenye pindo la chini upande mmoja, kupanda hadi shingoni, kuzunguka nyuma ya shingo na kushuka upande wa pili. Ukate kwa upana wa sentimeta 26, ukunje katikati kwa urefu, na baada ya kutoa mishono utabaki na sentimeta 12 kila upande, yaani sentimeta 24 zaidi za kupishana. Urefu wake upime kwa futi kamba kwenye ukingo wenyewe, uongeze sentimeta 4 za kupinda chini, na maungio yote uyapeleke nyuma ya shingo, ambako kola huyaficha. Kitenge kipya kiloweke peke yake na kukisuuza hadi maji yawe meupe, kisije kikachujia rangi kwenye flaneli yako.

Kuhusu kufupika, hicho kimepita. Flaneli ya pamba huweza kupungua sentimeta 3 hadi 5 kwa kila mita inapofuliwa mara za kwanza. Siku nyingine kabla ya kukata, loweka kitambaa chote katika maji ya moto uleule utakaofulia, kianike, kipige pasi, ndipo ukipime. Najua kwamba Juni huko Njombe kitambaa kizito huchukua siku mbili kukauka na mtu hutamani kuanza kazi, lakini ningependa usubiri. Mikono iliyokwisha kufupika iongezee upindo wa kitenge kilekile cha mbele, nalo joho litaonekana lilikusudiwa hivyo tangu mwanzo.

SWALI: Mama, habari za kazi. Mimi ni fundi kijana hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nimepata blanketi laini la mtumba, lile lenye manyoya mafupi, na mteja anataka nimshonee joho. Cherehani yangu ya kukanyaga inaruka mishono na kitambaa kinakwama. Nifanye nini?

JIBU: Kazi njema, kijana wangu. Badili sindano kwanza: weka mpya namba 16, kwa kuwa butu au nyembamba ndiyo chanzo cha kawaida cha kuruka. Refusha mshono ufike milimeta 3 na nusu, legeza mgandamizo wa mguu wa cherehani, na utumie uzi wa poliesta. Fungua kibati cha chini ya sindano mara kwa mara ufagie manyoya, maana blanketi la namna hiyo huyajaza haraka. Unapokata, hakikisha manyoya ya vipande vyote yanalala kuelekea chini, la sivyo upande mmoja utaonekana mweusi kuliko mwingine.

Lakini kabla hujaanza, zungumza na mteja wako. Mablanketi mengi ya namna hiyo ni ya poliesta, na poliesta ikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Chukua uzi mmoja, uchome juu ya sahani: ukijikunja na kuacha kidonge kigumu, hiyo ni poliesta au nyuzi nyingine za viwandani; ukiacha majivu mepesi, ni pamba. Kama mteja anakaa na jiko la mkaa au anapika kwa kuni, mshauri achague kitambaa kingine. Pamba nayo huwaka, na flaneli yenye vinyweleo hushika moto upesi, kwa hiyo hata kwa kitambaa hicho mikono iwe myembamba kiganjani na isivuke kifundo cha mkono. Pasi ya moto nayo usiiguse kwenye poliesta.

SWALI: Shikamoo mama. Ninaandika kutoka Iringa. Mama yangu alipata kiharusi na mkono wake wa kushoto haunyanyuki vizuri. Kumvalisha sweta asubuhi ni mateso kwake na kwangu. Ningependa kumshonea joho la joto, ila sijawahi kushona zaidi ya mapazia.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kumuuguza mama. Anayeweza kushona pazia kwa mstari ulionyooka anaweza kushona joho hili, kwa sababu nitakupa la vipande vilivyonyooka vitupu.

Nunua mita 3 na robo za flaneli ya pamba yenye upana wa sentimeta 115 hivi, uiloweke kama nilivyoeleza hapo juu. Nimekadiria mwili wenye nyonga ya sentimeta 105. Kata vipande viwili vya urefu wa sentimeta 125. Katika cha kwanza toa mgongo wenye upana wa sentimeta 60 na mbele moja yenye sentimeta 45. Katika cha pili toa mbele ya pili na mikono yote miwili, kila mmoja ukiwa na mzunguko wa sentimeta 50 na urefu wa sentimeta 45. Kitambaa kilichobaki kinatosha kola, mifuko na mkanda. Mkono mpana namna hiyo hauhitaji kutafutwa kwa mkono mgonjwa, ila upunguze kiganjani hadi sentimeta 32 kwa sababu ya jiko.

Jambo ambalo watu hulisahau ni bitana ya mikono. Flaneli ikikutana na nguo nyingine yenye vinyweleo hushikana nayo, na hapo ndipo mama anapoumia, kwa kuwa mnalazimika kuvuta. Tandika ndani ya mikono khanga kuukuu iliyokwisha kulainika. Mkono utateleza wenyewe. Badani liache bila bitana ili lisiwe zito.

Pindo liishie sentimeta 15 juu ya kifundo cha mguu, asije akalikanyaga anaposimama. Mkanda ushonee kabisa katikati ya mgongo, usawa wa kiuno, ili usidondoke wala kuburuzika, na kwa kuwa anatumia mkono mmoja, badala ya fundo weka kitanzi kipana upande wa kushoto na kifungo kikubwa upande wa kulia. Mfuko uwe kulia, mkubwa, wa kutosha leso na simu.

Unapomvalisha, anza na mkono wa kushoto, ulio mgonjwa, kisha mgongo, kisha mkono mzima. Unapomvua, anza na mkono mzima na umalizie na mgonjwa.