Ukiamua kuifuata timu ya shule, beba daftari

Januari 2024 mwalimu wa michezo wa sekondari moja ya kata hapa Manispaa ya Kigoma aliingia dukani kwangu Mwanga na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nina steshenari: natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti. Karatasi ile ilikuwa na majina ya wavulana ishirini na wawili, mengine yameandikwa nusu, mengine ni ya utani tu. Alitaka nimchapie orodha safi ya timu ya mpira. Nilipofika namba tatu nikakutana na jina la mtoto wa kaka yangu. Tunakaa nyumba moja, tunakula sinia moja, na sikuwa na habari kwamba ndiye beki wa kushoto wa shule.

Jambo hilo liliniuma, na ndilo lililonipeleka uwanjani. Niliifuata timu ile tangu Februari hadi Juni, mazoezi na mechi. Tangu hapo wazazi na walezi kadhaa wamenijia dukani kuuliza mtu aanzie wapi, kwa hiyo naona niandike hapa, wasome wote.

Anza kwa kuujua msimu wenyewe. Mpira wa shule haufanani na ligi unayoitazama kwenye runinga. Mashindano makubwa ni UMISSETA, yale ya michezo ya shule za sekondari nchini, na yanapanda kwa ngazi: shule kwa shule kwenye kata na tarafa, halafu wilaya au manispaa, halafu mkoa, na mwisho taifa, mara nyingi mwezi wa sita. Kabla ya hapo kuna mechi za kirafiki na mabonanza. Sasa liko jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, na mimi hakuna aliyeniambia: timu ya shule haipandi nzima. Ikifika ngazi fulani walimu wanakaa na kuchagua kombaini, wawili kutoka shule hii, watatu kutoka ile, na hiyo ndiyo inayokwenda mbele kwa jina la wilaya. Baadaye mkoa nao unachuja tena. Kwa hiyo hata timu yako ikishinda mechi zote, iko siku itavunjwa. Nilidhani tukishinda tutasafiri pamoja, sote na ngoma zetu. Ukilijua hili mapema hutaifuata jezi. Utawafuata watoto, mmoja mmoja.

Ndiyo maana nasema beba daftari.

Nilichukua kaunta buku kubwa dukani, kila mvulana nikampa kurasa zake, wote ishirini na wawili, pamoja na wale wa akiba. Naandika tarehe, tumecheza na nani, ameingia dakika ya ngapi, ametoka ya ngapi, amefanya nini cha kukumbukwa, ameumia wapi. Siku za mazoezi naandika nani amekuja na nani hakuja. Sijui mpira kama wanaojua, lakini saa ninayo na macho ninayo. Mwalimu wa michezo anafundisha Jiografia madarasa manne, anasahihisha madaftari usiku, na uwanjani yeye ndiye kocha, ndiye mtunza mipira, wakati mwingine ndiye refa. Hana nafasi ya kuandika. Na kisichoandikwa kwenye mpira wa shule kimepotea, kwa sababu hakuna kamera wala gazeti. Siku ya kuchagua kombaini wanaokumbukwa ni waliofunga magoli. Beki aliyezuia mechi sita mfululizo hakumbukwi na mtu.

Kuna faida nyingine sikuitarajia. Ukurasa mtupu hauachi kukutazama. Kipa wetu wa pili alikuwa na neno moja tu, "akiba", "akiba", "akiba", mstari baada ya mstari, huku upande wa mazoezi hakukosa hata siku moja. Kama nisingeandika nisingemwona. Nilipomwona nikaanza kumsalimia kwa jina lake, kumuuliza habari za nyumbani, na siku za mechi nikawa nampa yeye kazi ya kushika saa karibu yangu. Mzazi anayekwenda kumtazama mwanawe peke yake anawakosa watoto ishirini na mmoja.

Kabla ya mpira wenyewe, shughulikia karatasi. Hapa nazungumza kama mtu wa steshenari. Kwenye usajili mwanafunzi anaulizwa picha, cheti cha kuzaliwa na namba ya prem, ile anayotambulika nayo tangu shule ya msingi. Majina yafanane kila mahali, herufi kwa herufi. Kwetu Kigoma jambo hili lina uzito wa pekee: tuko mpakani, na maswali ya uraia tumeyazoea tangu utoto wetu. Mvulana mmoja, kiungo mzuri kuliko wote kwa maoni yangu, alifika Mei bila cheti. Wazazi wake walianza kukifuatilia wiki mbili kabla. Hakuwahi. Anza Januari, kijana angali hata hajapewa namba ya jezi.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia Machi hadi siku za mwanzo za Aprili, katikati kabisa ya maandalizi. Nusu ya timu ni watoto wa Ujiji na walifunga. Mwalimu alitaka kusimamisha mazoezi, wengine wakasema wasiofunga waendelee peke yao. Mimi niliomba yasogezwe hadi saa kumi na mbili na nusu, dakika arobaini tu, mpira mwepesi bila mbio ndefu, ili adhana iwakute wakimaliza. Kina mama wa Ujiji wakakubali kuleta futari uwanjani mara mbili kwa wiki: tende, uji wa pilipili manga, viazi, tambi. Waliofunga na wasiofunga wakakaa kwenye mkeka mmoja chini ya michikichi. Nimeona mengi msimu ule, ila kama ungeniuliza timu ilizaliwa lini, ningekuonyesha tarehe ya futari ya kwanza. Imo kwenye daftari.

Siku hizohizo za mwisho wa mfungo Mashujaa, timu ya mji wetu, waliitoa Simba kwa penalti hapahapa kwenye uwanja wa Lake Tanganyika, kombe la shirikisho, Aprili 2024. Aliye nje ya Kigoma hawezi kuelewa usiku ule ulikuwaje. Vijana wetu wamekulia na uwanja huo. Wengine walikuwa shule ya msingi Simba na Yanga walipokuja kucheza fainali yao pale Julai 2021. Sasa timu ya mji wao imefanya lake. Waliporudi kutoka likizo fupi kila mtu alitaka kupiga penalti, na kipa wa pili akapata kazi: alisimama golini jioni baada ya jioni, akipigiwa hadi giza.

Chakula. Nilikosea, nawe usirudie. Mechi ya kwanza nilipika mwenyewe kwa mapenzi yote, ugali na migebuka ya mawese, wakala saa nane. Mechi ilianza saa tisa na nusu. Kipindi cha kwanza tulifungwa mawili, winga wetu ameshika ubavu, beki mmoja anatapika nyuma ya goli. Mlo mzito uwe umeliwa saa tatu au nne kabla; karibu na mechi ni ndizi mbivu na maji, basi. Machungwa wakati wa mapumziko yanatosha. Glukosi hatukuikataza, lakini kijana anayeibwia makonde mawili makavu bila maji unamuongezea kiu tu.

Majeraha nayo yanahitaji mtu aliyejiandaa. Kwetu mtoto akiteguka enka, wa kwanza kufika anaanza kuchua, wa pili anaitisha maji ya moto. Jirani yangu muuguzi alinifundisha tofauti: siku mbili za kwanza ni baridi. Barafu iliyofungwa kwenye kanga, dakika kumi na tano hadi ishirini, mguu uinuliwe, bandeji isibane mno, na kuchua kusubiri. Barafu tuliipata Kibirizi mwaloni, wanakohifadhia samaki, tukaibeba kwenye ndoo yenye mfuniko. Kama hawezi kukanyaga hatua nne, apelekwe hospitali akapigwe picha. Na aliyegongwa kichwa akaonekana kuduwaa anatoka, harudi siku hiyo, hata kama ndiye nahodha na hata kama yeye mwenyewe analia kutaka kurudi. Hapa usisikilize mtu.

Usafiri ulitugombanisha. Kulikuwa na mechi ya kirafiki Mwandiga, na ikapatikana fuso ya bure iwapeleke vijana wamesimama nyuma. Wazazi wengine walifurahi. Mimi na mzee mmoja fundi cherehani tulikataa, tukapita nyumba kwa nyumba, elfu mbili kila mzazi, tukakodi hais mbili. Wapo walioniambia najipendekeza. Kwa jambo la watoto kurundikwa kwenye lori niko tayari kuambiwa hivyo kila wiki.

Ukiwa pembeni mwa uwanja, funga mdomo kuhusu ufundi. Nakuomba kwa dhati. Nimemwona baba akimwambia mwanawe apande, mwalimu anamwambia abaki, mjomba kutoka upande wa pili anamwambia atoe pasi, na mtoto amesimama katikati ya sauti tatu mpira unampita. Imba, piga makofi, taja majina. Maelekezo mwachie mwalimu. Na refa asitukanwe. Kwenye mechi za kata mara nyingi ni mwalimu wa shule jirani, na Jumatatu atakuwa darasani mbele ya watoto waliokusikia.

Nisiruke suala la mamluki, wachezaji wa kuazima wasio wanafunzi wa shule, maana linachafua mpira huu kuliko tope. Kwenye mechi moja wapinzani wetu walimleta mshambuliaji mwenye ndevu ambaye nusu ya watazamaji walimjua kutoka kwenye ndondo. Sitaitaja shule. Tulifungwa mbili kwa moja, zote zake. Wazazi wetu walitaka kuingia uwanjani. Mwalimu aliwazuia, akaandika malalamiko kwenye karatasi, nikayachapa usiku uleule, yakapelekwa. Majibu hayakuja. Kilichonihuzunisha zaidi kilitokea wiki iliyofuata: mzazi mmoja wa upande wetu alisema na sisi tutafute wa kwetu, anamjua kijana anayefanya kazi bandarini. Nilifungua daftari mbele yao nikawauliza, huyo mtu wenu atakaa kwenye ukurasa wa nani? Niliwasomea majina. Hawa wako nasi tangu Februari, kwenye mvua za Machi wamecheza kwenye tope hadi magotini, nani tumkate? Hakuna aliyetaja jina. Mazungumzo yakaishia hapo.

Kombaini ya manispaa ilitangazwa Mei. Mwalimu aliniazima daftari siku mbili kabla, akaenda nalo kwenye kikao. Walichaguliwa wanne wa kwetu, na wawili kati yao ni mabeki, jambo ambalo alisema halijawahi kutokea kwa shule yetu. Mtoto wa kaka yangu hakuwamo. Alirudi nyumbani akanyamaza, nikamwachia ukimya wake. Nilimwekea chakula, nikakaa naye barazani bila kumwambia habari ya mwaka kesho. Siku ya tatu alianza kuongea mwenyewe. Nakushauri nawe uvumilie hizo siku tatu.

Mmoja wa wale wanne alipenya hadi timu ya mkoa akaenda Tabora kwenye fainali za taifa. Mji mzima ulimshangilia, na anastahili. Lakini wako kumi na wanane waliobaki, na hao ndio wanaosahaulika. Watazamaji wameondoka, mwalimu yuko kambini na kombaini, mipira imefungiwa stoo. Kama umeifuata timu hadi hapa, kazi yako haijaisha. Mimi niliomba ufunguo wa stoo kwa mkuu wa shule, nikauandikia barua na kuusaini, Jumamosi saa kumi nikaenda uwanjani na daftari langu. Nilikuta saba. Jumamosi iliyofuata kumi na watatu, na vijana wa Bangwe wakakubali kuja kucheza nao. Tope lilikuwa limeshakauka, vumbi jekundu linapanda hadi kwenye magoli.

Kipa wa kwanza ndiye aliyekwenda Tabora, kwa hiyo wa pili alisimama golini. Alicheza dakika zote tisini. Tulitoka moja kwa moja, na dakika ya themanini na moja alipangua penalti kwa mkono wa kushoto, mpira ukagonga mlingoti ukatoka. Niliandika hivyohivyo, na saa yake. Mechi ilipoisha alikuja akaomba kuona ukurasa wake. Akausoma kutoka juu, yale maneno ya "akiba" yote, hadi mstari wa chini. Kisha akaniuliza, "Shangazi, naweza kupata kopi? Nataka kumpelekea babu Kalinzi."

Nilimwambia duka linafunguliwa saa mbili. Kesho yake saa moja na nusu nilimkuta ameketi mlangoni, amevaa shati la shule lililopigwa pasi.